Jambia la Kwanza: Anza na Mpini

Jambia la Oman, ambalo wenyewe huliita hanjari, ni mpini, kengee, ala, pete na mshipi, na aghalabu viungo hivyo hupita katika mikono ya mafundi tofauti kabla ya kukutana kiunoni. Kwa sababu hiyo jambia linaweza kuungwa upya kizazi baada ya kizazi: mpini wa babu ukapata kengee mpya, ala iliyochakaa ikabadilishwa, mshipi ukafumwa mwingine. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwenye kujiungia jambia lake la kwanza, awe bwana harusi wa Unguja atakayelivaa na joho na kilemba, au kijana wa Maskati anayejiandaa kwa Idi, nina neno moja kwake: pesa ziende kwanza kwenye mpini. Wengi huanza na fedha inayong'aa kwenye ala, kisha wanabaki na ala nzuri iliyobeba mpini wa plastiki.

Amua umbo kabla ya kuuliza bei. Mpini wa Nizwa una kichwa bapa kilichopanuka, umebanwa katikati, na uso wake umepambwa kwa misumari midogo ya fedha. Ule wa Saidi, unaofungamana na ukoo wa Al Busaid, umefunikwa kwa fedha karibu wote, na ala yake huwa na pete saba badala ya nne za kawaida. Inasimuliwa kwamba umbo hilo lilibuniwa na Shehrazad, mke Mwajemi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar; ni mke yule yule anayehusishwa na mabafu ya Kidichi kule Unguja. Mpini wa Saidi uliotiwa kwenye ala ya pete nne huonyesha mara moja kwamba viungo viliokotwa huku na huko. Mimi siuvumilii mchanganyiko huo, hata kila kipande kikiwa kizuri peke yake.

Malighafi ndipo penye kazi. Zamani mpini uliotukuzwa kuliko yote ulikuwa wa kipusa, na pembe nyingi za kifaru zilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Biashara hiyo ya kimataifa imezuiwa na mkataba wa CITES tangu 1977, na ya pembe za ndovu ikafuata kwa uamuzi wa 1989. Usinunue kipusa wala pembe ya ndovu, hata ukiambiwa ni ya kale: kuivusha mpaka bila kibali ni kosa, na vifaru waliobaki ni wachache mno. Sandali inatosha na kusaza. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse. Harufu iliyotiwa kwa mafuta hukaa juu juu na kuacha utelezi, ilhali ya mti wenyewe hutoka taratibu. Pembe ya ng'ombe au nyati, ukiielekeza kwenye mwanga, ina nyuzi zinazokimbia kwa urefu. Plastiki haina nyuzi, na mara nyingi utauona mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Sasa tazama misumari. Ya fundi mzuri imezama sawasawa, vichwa viko usawa mmoja, na ukipitisha ukucha haukwami. Ikiwa pambo limegandishwa tu kwa gundi, kingo zake zitakuwa zimeanza kuinuka.

Kengee haihitaji maneno mengi. Iwe na mgongo ulionyooka katikati ya bapa mpaka nchani, pande zote mbili. Kengee iliyokatwa kutoka bati ni nyembamba na mgongo wake umefifia au haupo kabisa. Shika chuma kwa kitambaa, tingisha mpini. Usisikie hata mtikisiko mdogo. Mpini ukilegea, gundi iliyokauka inaweza kutiwa upya, lakini mpini uliopasuka mahali pa kuingilia chuma achana nao.

Ala huwashangaza wasioizoea, kwani imepinda karibu pembe mraba ilhali kengee imepinda kidogo tu na haifiki kwenye ncha ile. Sehemu ya chini ni umbo tupu la mbao na ngozi lililovikwa pambo, na mahali pasipo na chuma ndani ndipo uvivu hujificha. Geuza nyuma. Fundi mwaminifu hufunga ncha za nyuzi na kusafisha lehemu hata upande utakaogusa tumbo. Mbele, angalia maua ya fedha: yaliyomiminwa kwenye kalibu yanafanana kabisa na kingo zake ni butu, na yaliyopindwa kwa waya hutofautiana kidogo, jani hili nene kuliko lile. Uzi wa fedha halisi huwa mweusi baada ya muda katika mikunjo, na hilo si dosari. Uzi wa plastiki hung'aa vile vile kila mahali.

Mafundi wa zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni sehemu 833 katika elfu. Usitegemee sumaku kuithibitisha fedha, maana shaba na nikeli-shaba nazo hazivutwi. Tazama mahali palipolika, hasa ndani ya pete zinaposuguana na mshipi. Wekundu au umanjano ukichungulia hapo, ni shaba iliyopakwa. Pete zenyewe zikaze, na kila kiungio kiwe kimelehemiwa mpaka mstari usionekane.

Kisha jaribio la mwisho, ambalo muuzaji mzuri atakuruhusu bila kusitasita: chomeka jambia katika ala na uliinamishe kichwa chini juu ya busati. Lisidondoke. Kulichomoa kuhitaji nguvu ya vidole viwili, bila kukwaruza.

Mshipi nunua mwisho, upimwe juu ya kanzu utakayovaa, kwa kuwa nguo hubadili kiuno. Na ukijifukiza udi au kujipaka atari, maliza kwanza ndipo ujifunge jambia. Moshi na mafuta huingia kwenye nyuzi za fedha, na hakuna namna nzuri ya kuziosha.