Bembelezi Iliyotiwa Mwisho

Tamasha la jazi lisilo na kiingilio lina ugumu wake. Huko Detroit, Marekani, tangu 1980 wanamuziki hupiga jazi katikati ya mji na kila apitaye husikiliza bure. Asiyependa naye huenda zake, maana hakuna hela aliyotoa ya kumtia uchungu. Kwa hiyo mpigaji huanza na kitu ambacho sikio la mpita njia linakidaka upesi: kiimbo kifupi, mara nyingi cha zamani. Akishamnasa mtu, ndipo hukifungua, akakizungusha, akakitembeza mbali na kukirudisha.

Nchini Kenya kazi ya kunasa umati kwa kiimbo kifupi ilifanywa 1963, na malighafi ilitoka huku kwetu mto Tana. Kwamba wimbo wa taifa ulijengwa juu ya bembelezi ya Kipokomo, na kwamba bembelezi hiyo hunasibishwa na Mzee Meza Morowa Galana, kwa mtu wa huku Wenje si habari mpya. Kinachozungumzwa kidogo ni ufundi wenyewe. Wimbo wa mama mmoja na mtoto mmoja uligeuzwaje hadi ukaimbwa na maelfu uwanjani?

Mafundi walikuwa watano. Graham Hyslop alikuwa mkaguzi wa muziki wa serikali. Pamoja naye walikuwapo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye aliandika kitabu cha nyimbo za asili za Kenya, Thomas Kalume, mchungaji wa hapa Pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi, aliyekuja kuwa msomi wa ala ya nyuzi ya Waluo. Watanganyika walikwisha kuchukua tuni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897. Hawa watano wakachota nyumbani.

Tatizo lao kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa mwisho. Bembelezi haina mwisho. Huzunguka palepale mpaka mtoto alale, na akigutuka huanza upya. Wimbo wa taifa hauna ruhusa hiyo: bendera ikifika juu ya mlingoti, watu wanataka kujua kwamba wimbo umekwisha. Tazama walivyolitatua. Kila ubeti una mistari 6, nao umegawanyika mara mbili, mitatu na mitatu. Katika ubeti wa kwanza mistari miwili ya mwanzo ina mizani 8 kila mmoja, wa tatu unarefuka hadi 10. Wa nne una 8, wa tano 7, na wa sita unarefuka tena. Mistari hiyo mirefu ndiyo breki. Wa kwanza unapunguza mwendo tu, wa pili unasimamisha kabisa. Mtu asiyejua noti hata moja huhisi pale kwamba sasa tumefika.

Sauti nazo walizigawa nne kama kwaya yoyote ya kanisani, lakini hawakuutoa wimbo kwenye giza lake. Nyimbo nyingi za taifa zimekaa kwenye do, zinang'aa na kutembea kijeshi. Wetu umelala kwenye la. Wanakwaya wanajua tofauti hiyo: ni ule mlio wa uzito, karibu na huzuni, na ndio unaoufanya ufanane na sala. Nadhani huu ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya, kwa sababu kishawishi cha kuuchangamsha kwa ajili ya sherehe lazima kilikuwa kikubwa.

Maneno hayakupata bahati hiyo. Ubeti wa kwanza umeshonwa vizuri na unaimbika. Wa pili unaachia kina mapema, na mstari wake wa tano una mizani 6 pale ambapo tuni ilikwisha kuzoea 7, kwa hiyo mwimbaji huvuta silabi ili aujaze. Ubeti wa tatu una upungufu uleule mahali palepale. Mshairi wa Lamu angekunja uso. Labda ndiyo sababu moja ya watu wengi kujua ubeti wa kwanza na kumumunya zinazofuata, ingawa uvivu nao una sehemu yake.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja wa Lang'ata jijini Nairobi, bendera ya Uingereza ilishuka, ya Kenya ikapanda, na wimbo ukapigwa mbele ya umati. Mahali pa wazi hula sauti. Mama akiimba pale, hasikiki hatua ishirini. Tarumbeta za shaba husikika, na wenzetu wa Lamu na Mombasa waliligundua hilo tangu miaka ya 1890 walipoanza mashindano ya beni, yaani ngoma za bendi, barabarani, bure kwa kila mtu, kama vile bendi za mitaani za New Orleans zilivyofanya upande wa pili wa dunia.

Sasa tuseme bendi ya jazi inapanda jukwaani hapa Garsen, bila kiingilio. Ningeishauri iuache wimbo wa taifa na ichukue bembelezi yenyewe. Mpigaji wa jazi anahitaji mzunguko: gitaa la besi likariri kiimbo bila kuchoka, ngoma ziingie chini yake, saksafoni ipate nafasi ya kupotea na kurudi. Bembelezi inampa hayo yote tangu ilipozaliwa, ilhali breki za akina Hyslop zingemkatiza kila mstari wa tatu. Tena kuna jambo la kawaida kabisa: ukipiga wimbo wa taifa, watu wa Garsen watasimama wima, mikono ubavuni, na hakuna bendi iliyowahi kumchezesha mtu aliyesimama hivyo.