Chakubanga na Kicheko cha Mume na Mke

Katika toleo hili tunavitazama vibonzo vya Chakubanga, vilivyochorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru la Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970. Mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala huvutiwa navyo upesi: maneno ni machache, lugha ni ya mtaani, na picha humsaidia mwanafunzi pale msamiati unapomshinda.

Vingi vinahusu mapenzi na ndoa za mjini: mwanamume mwenye tamaa kuliko mshahara wake, binti aliyejipamba, mke anayesubiri nyumbani. Ili kucheka, mwanafunzi hana budi kujua zaidi ya maana ya maneno. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Luganda nayo ina okuwasa kwa mwanamume na okufumbirwa kwa mwanamke. Basi tukisema bwana fulani "ameolewa", Mganda haihitaji kamusi. Anaelewa kwamba mume huyo anatawaliwa nyumbani. Kauli ya kutendwa peke yake imetosha kuchekesha. Mada hiyo ya sarufi, ambayo darasani huchosha, hapa inapata uhai.

Hata hivyo, hatukubaliani na wanaosema kwamba huu ni mzaha mtupu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi na mawigi kuanzia Januari 1969. Mwezi huohuo wa Oktoba vijana waliwashambulia wanawake Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU, na binti wa mjini mwenye sketi fupi alikuwa miongoni mwa waliochekwa na Chakubanga. Ni kweli kwamba Gregory hakumsamehe mwanamume mlevi wala mpenda anasa. Lakini mlevi hakuvuliwa nguo barabarani. Hatusemi kalamu ilimpiga mtu. Tunasema kwamba anayechekwa gazetini kila siku hapati watetezi wengi mtaani.

Nasi Uganda hatuko mbali na jambo hili. Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Februari 2014, baada ya Sheria ya Kupambana na Ponografia kutiwa saini, wanawake kadhaa walivuliwa nguo hadharani, na wenzao wakaandamana Kampala.

Kwa hiyo tunashauri Chakubanga afundishwe, tena kwa furaha, lakini kila kibonzo kipelekwe darasani pamoja na tarehe yake. Mwanafunzi aulizwe: nani anacheka, na nani anachekwa? Kisha aandike mazungumzo yale upya, safari hii mwanamke akiwa ndiye msemaji wa mwisho. Walimu watakaojaribu zoezi hili tunawakaribisha watuandikie.