Biblia Ilipofunguliwa Bweranyange: Uhakiki wa Usomaji Mmoja wa Mwaka 1861

Miongoni mwa vitabu ambavyo wanafunzi wa historia ya Kanisa hupenda kuvitaja pasipo kuvisoma, kimojawapo ni shajara ya safari ya John Hanning Speke, iliyochapishwa mwaka 1863. Hutajwa kwa ajili ya chanzo cha mto Naili. Sisi tunakirejea kwa sababu nyingine. Ndani yake mna aya moja, tena fupi, inayosimulia jinsi mwandishi, akiwa mgeni wa Omukama Rumanyika Orugundu wa Karagwe, alivyoitwaa Biblia na kumfafanulia mwenyeji wake. Speke alifika kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861. Hiyo ni miaka 16 kabla ya wamisionari wa kwanza wa CMS kuingia Buganda, na miaka 49 kabla ya Wamisioni wa Betheli kufika Bukoba mwaka 1910. Basi Neno lilitangulia kufunguliwa katika nchi hii na mtu ambaye hakuwa mhubiri. Alikuwa afisa wa jeshi la Uhindi aliyekuwa na nadharia yake juu ya makabila.

Alisoma nini? Alianza na Adamu. Akaendelea na gharika, akamweleza Omukama kwamba wana watatu wa Nuhu ndio asili ya rangi tatu za wanadamu: Wazungu kwa Yafethi, Waarabu kwa Shemu, na Waafrika kwa Hamu. Kisha, ili kumwonyesha Rumanyika jinsi ukoo wake ulivyokuwa mkuu, akamsomea 2 Mambo ya Nyakati sura ya 14, habari ya Zera Mkushi na jeshi lake la watu elfu elfu. Kwa maoni ya Speke, Wahima wa Karagwe walikuwa tawi la Waethiopia hao. Tumpe haki yake: yeye mwenyewe anakiri katika aya hiyo kwamba aliyoyaeleza ni mambo aliyodhani kuwa anayajua. Laiti waliomfuata wangalikuwa na unyofu huo!

Tuanze na sura ya 14, kwa kuwa ndipo kosa lilipo wazi zaidi. Msomaji yeyote aifungue sasa hivi. Zera anatoka na jeshi lake na magari mia tatu, Asa anamlilia Bwana, na Wakushi wanapigwa, wanafukuzwa mpaka Gerari, wanaanguka hata asibaki wa kuinuka. Sura nzima ni habari ya kushindwa kwao. Haiwezekani kuisoma mpaka mwisho kama sifa ya ukuu wa Wakushi, isipokuwa msomaji amekata somo pale panapompendeza. Shajara haituambii kama Rumanyika alisikia mwisho wa habari. Omukama aliyemuuliza mgeni wake kama jua la leo ndilo lile lile la jana asingekosa kuuliza nani alishinda vita.

Lakini kosa la kukata somo ni dogo kuliko lile lililo chini yake, yaani kudhani kwamba Maandiko yalishuka yakiwa yamekwisha kukamilika, na kila tarakimu na kila jina limewekwa humo ili kutupa orodha ya mataifa. Hapo ndipo swali la asili na waandishi wa Maandiko linapokuwa swali la kichungaji, si la mtihani tu.

Nani aliandika 2 Mambo ya Nyakati? Hakujitaja. Kitabu chake kinaishia kwa tangazo la Koreshi, kwa hiyo aliandika baada ya mwaka 538 K.K., na Asa alitawala karibu na mwaka 900 K.K. Kati ya vita na kalamu pana zaidi ya miaka 350. Mwandishi anakiri mara nyingi kwamba alikuwa na vitabu vingine mezani pake, kama kitabu cha wafalme wa Yuda na Israeli. Wakati huo huo 1 Wafalme 15, inayosimulia utawala wa Asa huyo huyo, haimtaji Zera hata kidogo. Tunaona basi mtu wa imani, aliyeishi baada ya uhamisho, katika taifa dogo lililo chini ya Waajemi, akipokea mapokeo ya kale na kuyasimulia ili kuwaambia watu wake waliochoka kwamba uchache si sababu ya kukata tamaa. Asa alikuwa na watu 580,000. Adui alikuwa na elfu elfu. Hesabu hizo zinahubiri. Hazikuandikwa ili miaka zaidi ya elfu mbili baadaye zimwambie mtu wa Bweranyange babu yake alikuwa nani.

Na neno lenyewe, "Mwethiopia", halikutoka mkononi mwa mwandishi. Kiebrania husema Mkushi, mtu wa Kushi, nchi iliyo kusini ya Misri. Na wako wataalamu wanaodhani kwamba Wakushi wa sura hii walikuwa kabila la jangwani karibu na Gerari. Wafasiri wa Kiyunani wakaweka neno lao lenye maana ya mtu wa uso ulioungua, Waingereza wakalichukua, Speke akaliunganisha na Uhabeshi, kutoka Uhabeshi akafika kwa wafugaji wa Karagwe. Ni ngazi ya vipandio vinne, na hakuna hata kimoja kilichopigiliwa misumari.

Wanyambo wanapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, maana nchi yao ilikuwa na Mambo ya Nyakati yake. Ukoo wa Abahinda ulihesabu wafalme wake tangu Ruhinda, na hesabu hiyo ilitunzwa vinywani kabla ya kuwekwa katika karatasi. Israel Katoke alipoandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1975, ilimbidi ayapime masimulizi ya namna hiyo. Speke naye alisimuliwa na Rumanyika jinsi alivyopata kiti: ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana wa mfalme aliyefariki, na ingawa ilikuwa nyepesi kama unyoya, ndugu zake hawakuweza kuiinua, yeye aliiinua kwa kidole chake kidogo. Hakuna mzee wa Karagwe anayesikia habari hiyo akauliza ngoma ilikuwa na ratili ngapi. Anajua kwamba anaambiwa habari ya uhalali wa mfalme. Mzee huyo huyo, akishika Biblia, mara nyingi hulazimishwa na mwalimu wake kusahau akili hiyo yote.

Tukija kwa Hamu, neno ni zito zaidi. Mwanzo 9:20-27 haisemi lolote juu ya rangi ya ngozi, wala haimlaani Hamu. Anayelaaniwa ni Kanaani. Tena aya ya 24 inamtaja mkosaji kama mwana mdogo, ingawa mahali pengine Hamu hutajwa wa pili kati ya watatu. Mishono hiyo inaonyesha kwamba masimulizi zaidi ya moja yameunganishwa, na kwamba waliosimulia walikuwa wakifikiri juu ya Israeli na jirani zake Wakanaani. Sura ya 10 nayo inawaweka chini ya Hamu Wakushi na Wamisri, lakini pia Wakanaani, na Nimrodi, ambaye mwanzo wa ufalme wake ni Babeli. Sheba anatokea mara mbili, mara kwa Hamu (10:7), mara kwa Shemu (10:28). Mwandishi aliyeziacha orodha mbili zisizopatana zikae pamoja hakuwa akigawanya wanadamu kwa damu. Tunasikitika kusema kwamba tumewahi kuketi katika semina ya wainjilisti ambamo mtu mzima, mcha Mungu, alisimama akasema umaskini wetu ni laana ya Hamu, na wengi wakaitikia kwa kichwa. Hakuipata katika Mwanzo. Aliipata kwa watu waliosoma kama Speke.

Hatusemi kwamba aya moja ya shajara ndiyo iliyoleta maafa ya majirani zetu. Historia haina mkono mmoja. Lakini wazo la kwamba wafugaji wa maziwa makuu ni wageni wa damu ya Ethiopia, waliokuja kuwatawala wakulima, lilipitia katika kurasa za Speke, likachukuliwa na maofisa na wamisionari, likafundishwa darasani, likaandikwa katika vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi wangerudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake Kagera. Mwaka 1994 watu waliokaa kando ya Kagera, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, waliona kwa macho yao yaliyopita juu ya maji hayo. Kisha wakimbizi wakajaa, na makambi yakakaa Ngara na Karagwe hata Desemba 1996. Mchungaji aliyewazika watu hao hawezi kuambiwa kwamba uhakiki wa Mwanzo 10 ni anasa ya maprofesa wa Ujerumani.

Wapo watakaotujibu kwamba tukianza kutenganisha mikono ya waandishi, waumini wataanguka. Hofu hiyo tunaiheshimu, maana si yote yasiyo na msingi. Tumewaona vijana wanaorudi kutoka chuoni na kutangaza mimbarani, Jumapili ya kwanza, kwamba Musa hakuandika vitabu vitano, kana kwamba hiyo ndiyo Injili. Mama aliyetembea saa mbili kuja ibadani hakuja kusikia hilo. Hata hivyo hakuna siri iliyofichwa hapo. Kumbukumbu la Torati 34 inasimulia kifo na maziko ya Musa. Msikilizaji yeyote anaweza kutambua kwamba mkono mwingine umeshika kalamu. Luka anasema wazi kwamba alichunguza habari za wengine kabla ya kuandika. Waraka kwa Warumi ni wa Paulo, lakini Tertio anatusalimu katika 16:22 kama mtu aliyeuandika. Juu ya Waebrania, Origene alisema kwamba aliyeuandika Mungu ndiye ajuaye, na Kanisa likaendelea kuusoma.

Sisi Walutheri tuna sababu yetu ya pekee ya kutoogopa. Luther, katika Agano Jipya lake la mwaka 1522, aliuhamishia nyuma Waraka wa Yakobo, pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, wala hakuwapa namba katika orodha yake. Twaweza kusema alikosea juu ya Yakobo. Sisi twadhani alikosea, na mtu akiona jinsi wajane wanavyonyang'anywa vibanja baada ya matanga atamtamani Yakobo kila Jumapili. Lakini kipimo chake kilikuwa sahihi: je, andiko hili linamleta Kristo? Kwake mamlaka ya kitabu hayakutegemea jina la mtume lililo juu yake. Kipimo hicho hicho kingemzuia Speke. Hakuna njia ya kumfikia Kristo kutoka katika nasaba ya rangi.

Yatupasa pia kukumbuka jinsi Biblia ilivyoingia pande hizi mara ya pili. Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, ilivuka kuja Buhaya mikononi mwa watu waliojifunza kusoma huko. Haikuletwa na mtu anayemfafanulia mfalme asili yake. Waliileta watu wa kawaida waliokwisha kusoma wenyewe, wakauliza maswali na kusahihishana. Duta na Pilkington walibishana juu ya maneno kama kila wafasiri wafanyavyo. Hiyo nayo ni sehemu ya habari ya waandishi wa Maandiko, kwa maana kila lugha inayoipokea Biblia huongeza mkono mmoja zaidi juu ya kitabu.

Kama tungepewa nafasi ya kuketi Bweranyange jioni ile, tungemwomba Speke afungue Yeremia. Katika sura ya 36 nabii anatamka, Baruku anaandika, Yehudi anasoma mbele ya mfalme Yehoyakimu aliyeketi karibu na moto. Yehudi huyo ametajwa pamoja na baba zake, na wa mwisho katika orodha anaitwa Kushi. Jina hilo si ushahidi wa asili yake, nasi hatutaki kumfanyia Yehudi yale ambayo Speke aliwafanyia Wahima. Tunaona tu kwamba limo. Mfalme anakata kila safu tatu nne kwa kisu na kuitupa motoni mpaka gombo lote limekwisha. Yeremia anatwaa gombo jingine, Baruku anaandika tena yaliyoteketea, na mengine mengi yanaongezwa. Hivyo ndivyo Biblia yenyewe inavyosimulia jinsi sehemu yake moja ilivyoandikwa.

Sura mbili mbele, nabii yumo shimoni, amezama matopeni. Wakuu wa Yuda ndio waliomtupa. Anayekwenda kwa mfalme kumwombea ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Anapewa watu, anaingia chini ya hazina, anachukua matambara makuukuu na nguo mbovu, anayateremsha kwa kamba na kumwambia nabii ayaweke makwapani, kamba isimchubue. Wakamvuta.