Kigurudumu cha Mvuvi na Bei Yake

Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo imehifadhiwa picha ya hariri iliyochorwa takriban mwaka 1195 na Ma Yuan, mchoraji wa Kichina wa enzi ya Song. Ndani yake mna mashua ndogo, mtu mmoja aliyejikunyata kwa baridi, na maji yaliyooneshwa kwa mistari michache tu. Sehemu kubwa ya hariri imeachwa wazi. Mtu huyo ameshika ufito, na juu ya ufito huo kuna kigurudumu kilichozungushiwa mshipi. Wanaoandika historia ya uvuvi huitaja picha hii kuwa miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa chombo kiitwacho rili. Ma Yuan hakukichora ili kukisifu. Kimo tu, kama kofia ya mvuvi ilivyomo.

Zaidi ya miaka mia nane baadaye kigurudumu hicho, kikiwa kimetengenezwa na fundi mmoja katika karakana yake, huuzwa Marekani na Uingereza kwa dola elfu moja, elfu mbili, na pengine zaidi, ilhali cha kiwandani hupatikana kwa chini ya dola mia moja. Suala la kama bei hiyo ni halali aghalabu hujibiwa kwa ushabiki: huyu humwita mwenzake bahili, na yule humwita mwenziwe mjinga. Linastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa kazi yoyote ya sanaa, yaani kwa kutazama kwanza inafanya nini.

Mtoni haifanyi mengi. Mvuvi wa trauti, anayerusha chambo cha manyoya katika mito ya Uingereza, huivuta kamba kwa vidole, na samaki wa nusu kilo huletwa kwa mkono bila ya rili kuzungushwa hata mara moja. Kazi ya rili hapo ni kuizuia kamba isisokotane na kuupa ufito uzito wa kulingana chini ya kiganja. Kwa kazi hiyo kopo lililotobolewa katikati lingetosha, na asemaye kwamba rili ya dola elfu mbili itamzidishia trauti anajidanganya au anauza.

Baharini mambo hubadilika. Nduaro akinaswa hukimbia na mamia ya mita za mshipi, na hapo ndipo breki ya rili inapopimwa. Breki mbaya hung'ang'ania kwanza kisha ikaachia ghafla, na mshipi mwembamba hukatika katika kile kitambo kifupi cha kung'ang'ania, kabla hata samaki hajashika kasi yake. Liko na jambo la pili. Breki iliyokazwa mara moja haitoi mvuto mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: kamba inapopungua, hata mduara uliobaki ukawa nusu ya upana wake wa awali, mvuto juu ya mshipi huwa maradufu. Mvuvi wa mshipi wa Makunduchi au Mkoani hahitaji kuelezwa haya, kwani breki yake ni vidole vyake. Huhisi, hulegeza, hukaza, na hufanya hivyo kabla fikra haijakamilika. Rili nzuri ni jaribio la kuvifundisha vyuma adabu ya vidole hivyo.

Si ajabu basi kwamba mabingwa wa mwanzo wa ufundi huu huko Marekani walikuwa mafundi saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder wa mji wa Paris, katika jimbo la Kentucky, alitengeneza rili yenye magurudumu ya meno, ambayo mzunguko mmoja wa mkono huzungusha kamba mara kadhaa. Ndugu wawili wa ukoo wa Meek, mafundi saa wa Frankfort katika jimbo hilo hilo, wakaiendeleza kazi hiyo. Upande wa Uingereza, kampuni ya Hardy ilianza mwaka 1872 mjini Alnwick kama duka la bunduki. Mwaka 1891 ikaitoa rili iitwayo Perfect, inayozunguka juu ya beringi za gololi, na ziko zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ambazo hadi leo hupelekwa mtoni. Huko New Hampshire, Stanley Bogdan, fundi wa mashine aliyefariki mwaka 2011, alitengeneza rili za kuvulia salmoni kwa uchache mno, hata waliozitaka wakawa wanangoja kwa miaka. Hakupanua karakana ili kuwaridhisha wote. Walioweza kungoja walingoja.

Hapa pana neno linalohitaji kuchunguzwa, kwa sababu ndilo linalouzwa ghali kuliko shaba na alumini. Neno hilo ni "kazi ya mkono". Rili nyingi za bei ya juu zinazouzwa siku hizi huchongwa kutoka katika bonge moja la alumini na mashine inayoongozwa na kompyuta. Mwanadamu hulipachika bonge, hubonyeza kitufe, kisha huondoa makali kwa msasa na kuviunga vipande. Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Usahihi wake pengine humshinda mkereza aliyekaa miaka arubaini mbele ya kerezo. Lakini si kazi ya mkono, wala haifai kulipiwa kwa jina hilo. Mtungo uliopangiwa vina kwa kuchaguachagua maneno katika orodha unaweza kuwa na mizani sahihi, nane kwa nane, na msikilizaji akashindwa kutaja kosa lake, ila akaondoka bila ya kuukumbuka. Na kinyume chake ni kweli vilevile: utenzi wenye kasoro ya mizani hauponi kwa kuwa tu umeandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Rili iliyotengenezwa kwa mkono, ikaunguruma na kuyumba, ni rili mbovu, na fundi wake hana haki ya kujificha nyuma ya mikono yake.

Kinacholipiwa kwa haki kiko mahali pengine. Ndani ya rili nyingi za zamani za Hardy, mahali asipopaona mtu ila akiifungua, fundi aliyeiunga aligonga herufi za jina lake. Mshairi wa mwambao hulitia jina lake katika beti za mwisho ili lisomwe na watu. Fundi wa Alnwick alilitia gizani, akijua kwamba atakayelisoma ni fundi mwenziwe, siku chombo kitakapoharibika. Herufi zile ni dhamana. Zinasema kwamba kitu hiki kina mwenyewe, kwamba kinaweza kufunguliwa, na kwamba kilichovunjika ndani yake kinaweza kukerezwa upya. Rili ya bei rahisi aghalabu haina ahadi hiyo. Chumvi ikiingia katika beringi yake hutupwa, hununuliwa nyingine, nayo hutupwa. Anayevua kila wiki kwa miaka thelathini, naye akawa anaiosha rili yake kwa maji matamu kila jioni, hana sababu ya kuona haya kwa kununua moja ya ghali. Kwa mtu huyo bei ni halali, tena si kubwa akiigawa kwa miaka. Anayevua mara mbili kwa mwaka amenunua pambo, na pambo si haramu, ila lisiitwe chombo.

Kuna kundi la tatu, na hilo ndilo lililoipandisha bei kuliko mafundi wenyewe. Ni wakusanyaji. Katika minada yao, rili ya zamani iliyobaki na mfuko wake wa ngozi, isiyo na mkwaruzo, hupata fedha nyingi kuliko dada yake aliyevulia miaka hamsini. Kila siku ya kazi huipunguzia thamani. Fundi aliyehangaika ili breki ising'ang'anie na gololi zizunguke bila sauti amelipwa sifa na watu ambao hawatazisikia gololi hizo zikizunguka chini ya uzito wa samaki. Ni sawa na diwani inayothaminiwa kwa kuwa kurasa zake hazijafunuliwa.

Fasihi nayo ina ushahidi wake. Ernest Hemingway aliinunua mashua yake, Pilar, mwaka 1934, akavulia humo kwa rili kubwa za kiti, zile zinazoshikwa kwa mikanda ya mabegani. Alikuwa na uwezo wa kuzinunua na ujuzi wa kuzitumia. Alipoandika The Old Man and the Sea, iliyotoka mwaka 1952, hakumpa mzee Santiago rili. Alimpa mishipi ya mkono. Mshipi unapita mgongoni na viganjani mwa mzee, unamchana, na kwa njia hiyo anajua samaki asiyemuona yuko wapi, anafanya nini, amechoka kwa kiasi gani. Mwandishi angempa rili bora kuliko zote, hadithi ingekwisha katika kurasa kumi, kwani ingekuwa breki ndiyo inayopambana na samaki huku mzee akingojea. Hilo ni pingamizi ambalo fundi hawezi kulijibu kwa kukereza vizuri zaidi: kadiri rili inavyokamilika ndivyo inavyoyachukua yale ambayo mkono ungeyajua.

Mapema mwaka 1954, akiwa na majeraha ya ajali mbili za ndege alizozipata Uganda, Hemingway alifika Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye kambi ya uvuvi. Mbele yake ulikuwa mkondo wa Pemba. Wenyeji wa mkondo ule, wa upande wa bara na wa upande wa kisiwa, walivua nguru na jodari kwa mishipi ya mkono, na wengi wao wangali wakivua hivyo.