Kiumbe Mmoja na Wapagazi Wake

Mzee anayesema kwamba michezo ya video ni upuuzi mtupu amejinyima nafasi ya kujua vijana wanajifunza nini humo. Mchezo una kanuni, na penye kanuni pana fikra za aliyezitunga. Kwa hiyo unaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthiliya au riwaya. Hapa nataka kuhakiki Pokémon, na hasa namna moja ya kuucheza ambayo imepata wafuasi wengi duniani, yaani kuumaliza mchezo wote kwa kutumia kiumbe mmoja tu.

Kwanza nimweleze msomaji ambaye hajauona. Mchezo huu ulitolewa Japani mwezi Februari 1996, kwa ajili ya kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto mpenda kukusanya wadudu, na mchezo wake ni ukusanyaji wa namna hiyohiyo. Kijana huondoka kijijini kwao akiwa na kiumbe mmoja aliyepewa na profesa, akazunguka nchi nzima akikamata wengine maporini. Viumbe wote ni 151, na msafiri anaweza kufuatana na sita kwa wakati mmoja. Anapaswa kuwashinda viongozi wanane wa kumbi za mapambano, kisha mabingwa wanne, na mwisho bingwa mkuu. Kila kiumbe ana aina yake: maji huzima moto, moto huunguza majani, majani huyanywa maji. Ndiyo sababu inahitajika timu.

Wachezaji ninaowazungumzia huikataa timu hiyo. Humchagua kiumbe mmoja, pengine dhaifu kabisa, wakaapa kwamba hakuna mwingine atakayepigana. Sharti hilo halimo katika mchezo, wamejiwekea wenyewe.

Sifa ya kwanza ya namna hii ya kucheza ni kwamba humlazimisha mtu kukijua kidogo alicho nacho. Kiumbe wa mchezo ule anaweza kukumbuka mapigo manne tu. Mwenye viumbe sita ana mapigo 24, naye anaweza kushinda bila kufikiri sana. Mwenye mmoja hana budi kupima kila pigo: hili litanifaa wapi, nikilisahau nitajuta wapi? Mchezaji aliyemchagua Charmander, kiumbe wa moto, hukutana mapema na kiongozi wa kwanza, ambaye viumbe wake ni wa mawe, na moto hauna nguvu juu ya jiwe. Hapo hurudi porini akafanya mazoezi mpaka nguvu zimtoshe. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha darasa la watoto wengi kwa kitabu kimoja na vipande viwili vya chaki ataielewa heshima ya kazi hiyo. Uhaba, ukikubaliwa kwa hiari, ni mwalimu mzuri.

Lakini mhakiki hapaswi kuishia kwenye sifa. Tuitazame hesabu ya mchezo wenyewe. Baada ya kila pambano hutolewa alama za uzoefu, na alama hizo hugawanywa kwa viumbe walioshiriki. Akishiriki mmoja, huzichukua zote. Hivyo yule mpweke hupanda madaraja upesi kuliko viumbe wa timu, na mara nyingi akifika kwa mabingwa huwa amewapita kwa nguvu. Basi, kile kinachosifiwa kama ugumu kina wepesi wake ndani. Mmoja hung'aa kwa sababu sahani zote zimewekwa mbele yake.

Jambo hili tunalifahamu katika shule zetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na watoto wakajaa madarasani, lakini kwa miaka mingi nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Katika hali hiyo ulikuwepo mtindo ambao walimu wengi wa umri wangu wanaukumbuka: kumtambua mtoto mwenye dalili ya kufaulu, kumketisha mbele, kumpa kitabu, kumwuliza maswali yeye, na kuwaacha wengine wakifagia uwanja. Akichaguliwa, shule nzima ilipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa na akili kuliko wenzake, au alikuwa amepewa tu alama zao za uzoefu. Mchezo huu unatuonyesha hesabu ile bila kuificha, na kwa hilo naushukuru.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inahusu ukweli wa ile kauli "mmoja tu". Katika njia za mchezo kuna miti inayoziba njia, bahari za kuvuka na mawe makubwa ya kusukuma. Vizuizi hivyo havipitiki mpaka awepo kiumbe aliyefundishwa kukata mti, kuogelea akiwa na mtu mgongoni, au kusukuma jiwe. Sasa tazama: katika matoleo ya mwanzo, wale watatu ambao profesa humpa kijana achague mmoja, hakuna hata mmoja awezaye kujifunza kukata mti na kuogelea vyote viwili. Charmander hukata mti, haogelei. Squirtle huogelea, hakati mti. Bulbasaur hukata mti, haogelei wala hasukumi jiwe. Kwa hiyo anayeapa kwenda na mmoja wa hao hulazimika kukamata wengine, akawabeba katika msafara ili wafanye kazi hizo. Hawapigani, hawapati uzoefu, hawapandi daraja. Na mwisho, mchezaji akitangaza ushindi wake, husema alishinda na mmoja.

Kwa sisi wa Ufipa habari hii ina mwangwi wa zamani. Mwezi Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Unyanyembe, akafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika na kupita katika nchi ya Wafipa akielekea kusini. Vitabu tulivyofundishia vilimwita msafiri, kana kwamba alitembea na kivuli chake tu. Lakini nani alibeba mizigo? Nani alipika, akajenga vibanda, akaulizia njia? Alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873, wapagazi na watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alipozikwa London mwezi Aprili mwaka huo, kati ya wale waliotembea naye alikuwepo mmoja tu, Jacob Wainwright. Safari ilihesabiwa kuwa ya mtu mmoja kwa sababu waliohesabu waliamua kwamba kubeba si kusafiri. Mchezaji wetu naye ameamua kwamba kukata mti si kucheza.

Siwalaumu vijana kwa hila. Wengi wao hutaja waziwazi kwamba wasaidizi wa njiani hawahesabiwi. Lakini kanuni isemayo kwamba fulani hahesabiwi ndiyo hasa inayotakiwa kuhakikiwa. Huwezi kuuelewa ushindi wowote mpaka uulize ni kazi zipi zimetolewa nje ya hesabu.

Kuna la tatu. Mchezo una ukuta ambao nguvu peke yake haziupiti. Kiumbe ambaye mapigo yake yote ni ya aina ya kawaida hawezi kumgusa kiumbe wa aina ya mzuka, hata akifika daraja la 100. Mmoja wa mabingwa wanne, Agatha, hutumia mizuka. Hapo mpweke asiyejifunza pigo la aina nyingine atakwama, na mazoezi ya mwaka mzima hayatamsaidia. Wakulima wa mkoa wetu wanalijua somo hilo. Miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mahindi yalikwenda na mbolea ya ruzuku. Ruzuku ilipoondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyekuwa na mahindi peke yake alikutana na mzuka wake: kuongeza bidii ya jembe hakukumsaidia. Aliyekuwa bado anafukia majani katika matuta ya mviringo kama walivyofanya wazee, akapanda maharage na ulezi, alikuwa na pigo la pili.

Hukumu yangu ni hii. Kuumaliza mchezo huu kwa kiumbe mmoja ni zoezi zuri la akili na subira, na kijana aliyeliweza asidharauliwe. Lakini Tajiri aliutunga mchezo wake kwa nia nyingine. Aliutoa katika matoleo mawili, kila moja likikosa viumbe waliomo katika jingine, na vifaa viwili vikaunganishwa kwa waya ili watoto wabadilishane. Hakuna awezaye kuukamilisha mkusanyiko bila kumwendea jirani. Anayecheza na mmoja amefika mwisho wa njia, na hilo ni jambo la kweli, lakini amefika bila kugonga mlango wa mtu.

Kwa hiyo nampa mchezaji huyo alama nzuri, kisha namwongezea swali moja pembeni mwa daftari, kama walimu tulivyozoea: wataje kwa majina wale waliokukatia miti na kukuvusha maji. Akiweza kuwataja, ushindi wake umetimia. Akishindwa, arudie.