Maana ya "Kusoma" katika Miongozo ya Zana za Akili Unde Zinazosoma Seli za Daftari la Jupyter: Tahakiki kwa Mtazamo wa Nadharia ya Upokezi

Utangulizi

Tahakiki hii inachunguza matini ambazo aghalabu hazihesabiwi miongoni mwa matini za kuhakikiwa, yaani miongozo ya zana za programu. Zana zinazohusika ni zile zinazomwezesha wakala wa akili unde kusoma seli za daftari la Jupyter. Wakala, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida na kulitekeleza kwa hatua inazojichagulia. Daftari la Jupyter ni faili linalochanganya maelezo, msimbo na matokeo ya msimbo huo, na hutumiwa sana katika uchanganuzi wa data za utafiti. Hoja ya tahakiki hii ni kwamba kitenzi "kusoma" hutumiwa katika miongozo ya aina hii kana kwamba maana yake ni bayana, ilhali kinabeba maana kadhaa. Mwongozo usiobainisha maana iliyokusudiwa huweza kumfanya mtafiti apokee matokeo ambayo hayajathibitishwa na yeyote.

Msomaji wa Mwongozo ni Nani?

Katika kazi zake za miaka ya 1970, Wolfgang Iser alieleza kwamba matini hujengewa ndani yake msomaji inayemlenga, na kwamba mapengo yanayoachwa na matini humwalika msomaji huyo ashiriki katika kuunda maana. Mtazamo huu unafaa kuhakiki miongozo inayojadiliwa, kwa kuwa msomaji wake amebadilika. Mnamo Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, zana hujitambulisha kwa wakala kwa jina, maelezo mafupi na vigezo inavyohitaji. Maelezo hayo huandikwa na binadamu kwa lugha ya kawaida, lakini anayeyasoma kila mara kabla ya kutenda ni wakala.

Tofauti ya wasomaji hawa wawili ina uzito. Binadamu anapokutana na pengo katika mwongozo hufungua daftari na kujionea mwenyewe. Wakala hulijua daftari kupitia kile tu alichorudishiwa na zana, na pengo lililobaki hulijaza kwa dhana inayoelekea kuwa kweli. Kwa hiyo, pengo ambalo katika riwaya ni fadhila, katika mwongozo huwa kasoro.

Kusoma Kitu Gani?

Kiswahili chenyewe kinaonyesha upana wa kitenzi hiki. Tunasoma barua, mtu "aliyesoma" ni mwenye elimu, na "kumsoma" mtu ni kuyatambua yaliyomo moyoni mwake. Katika daftari la Jupyter pia upo upana unaofanana na huo. Seli ya msimbo ina msimbo wenyewe na matokeo yaliyohifadhiwa chini yake, na vyote viwili vimo katika faili. Jambo la tatu ni thamani za vigeu, ambazo zimo katika kumbukumbu ya kiini kinachotekeleza msimbo na hazimo katika faili.

Mambo haya matatu huweza kupingana. Tuchukue mfano wa mtafiti aliyebadili umri wa chini wa watafitiwa katika seli kutoka 15 hadi 18, kisha akahifadhi daftari bila kuitekeleza seli hiyo upya. Faili litabeba msimbo wenye 18 na jedwali lililokokotolewa kwa 15. Namba ya utekelezaji iliyo kando ya seli haitaonyesha kwamba msimbo umebadilika. Wakala "atasoma seli" kwa usahihi kamili, kisha ataandika kwamba jedwali linahusu watu wa miaka 18 na kuendelea.

Hatari hii ina ushahidi wa kiutafiti. João Felipe Pimentel na wenzake (2019) walichunguza madaftari zaidi ya milioni 1 yaliyowekwa hadharani katika GitHub. Kati ya yale waliyojaribu kuyatekeleza, takribani asilimia 24 tu yalifika mwisho bila hitilafu, na takribani asilimia 4 tu ndiyo yaliyotoa matokeo yaleyale yaliyohifadhiwa.

Utata wa pili unahusu utambulisho. "Seli ya 3" huweza kuwa nafasi ya seli katika daftari, ambayo programu nyingi huihesabu kuanzia 0. Huweza pia kuwa namba ya utekelezaji iliyo katika mabano ya mraba. Tangu toleo la 4.5 la muundo wa faili hilo, kila seli ina kitambulisho chake, ambacho hakibadiliki hata seli ikihamishwa. Mgeni anayeambiwa "saa tatu" bila kuelezwa kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa kunapokucha atafika kwa wakati usio wake. Ndivyo ilivyo kwa wakala asiyeelezwa hesabu inaanzia wapi.

Hoja ya Ufupi

Inaweza kudaiwa kwamba maelezo marefu humlemea wakala na kuongeza gharama, kwa kuwa huingizwa katika kila mazungumzo. Dai hili lina ukweli, lakini linahusu urefu zaidi kuliko uteuzi wa maneno. Linganisha maelezo "Husoma seli ya daftari" na haya yanayopendekezwa hapa: "Hurudisha msimbo na matokeo yaliyohifadhiwa ya seli moja, kwa nafasi yake kuanzia 0. Haitekelezi msimbo. Matokeo huenda ni ya kabla ya mabadiliko ya mwisho. Haioni kumbukumbu ya kiini wala michoro." Sentensi chache zimeongezeka, na nyingi kati yake zinataja kile ambacho zana haifanyi. Ukanushi huo ndio unaoziba mapengo.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba ubora wa mwongozo wa zana ya aina hii upimwe kwa namna unavyoitaja mipaka ya usomaji wake. Kwa watahini, matokeo haya yana maana ya kiutendaji. Tasnifu iliyochanganua data kwa msaada wa wakala ieleze zana iliyotumika ilisoma nini: msimbo, matokeo yaliyohifadhiwa, au thamani zilizomo katika kiini. Aidha, kabla ya kuwasilishwa, kiini kianzishwe upya na daftari litekelezwe kutoka seli ya kwanza hadi ya mwisho, ili jedwali linalotetewa mbele ya jopo liwe limezaliwa na msimbo ulioambatishwa.