Kukanusha Pasipo Hoja: Neno Moja katika Siasa za Tabianchi Nchini Ujerumani

Wahakiki wengi wanaochunguza vyama vya mrengo wa kulia vijinadivyo kuwa sauti ya mwananchi wa kawaida huorodhesha uongo mmoja mmoja, kisha huujibu kwa takwimu. Kazi hiyo yafaa, lakini haitoshi. Makala hii yadai kwamba nguvu ya vyama hivyo imo zaidi katika namna vinavyoyapa mambo majina.

Tuchukue chama cha AfD cha Ujerumani, kilichoasisiwa mwaka 2013. Mpango wake wa mwaka 2016 ulishikilia kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu dunia iwepo, na kwamba hewa ya ukaa si uchafu bali ni sharti la uhai. Kauli hizi, kila moja ikisomwa peke yake, zina ukweli ndani yake. Mmea hauishi bila hewa hiyo. Kosa limo katika hitimisho ambalo msomaji anaachiwa alitoe mwenyewe: kwamba binadamu hana lawama.

Katika mitandao ya kijamii, ambamo nafasi ni finyu, hata kauli hizo ni ndefu mno. Greta Thunberg alipoanza mgomo wake Agosti 2018, na vijana wengi wakamfuata, wanasiasa wa chama hicho walikuwa miongoni mwa waliolieneza neno Klimahysterie, yaani "wazimu wa tabianchi". Tafsiri hiyo yatufunza jambo. Kwa Kiswahili, "wazimu wa tabianchi" waweza kueleweka kuwa tabianchi yenyewe ndiyo iliyorukwa na akili. Hivyo twalazimika kuuliza mwenye wazimu ni nani. Kijerumani huunganisha nomino mbili pasipo kitenzi wala mtenda, na swali hilo halizuki. Asemaye kwamba wanasayansi wamekosea hudaiwa ushahidi. Atamkaye neno hili hadaiwi chochote. Mjadala umekwisha kuhama kutoka angani hadi kichwani mwa mpinzani.

Jopo lenye wanaisimu, ambalo tangu mwaka 1991 huteua neno lisilofaa la kila mwaka nchini humo, lililiteua neno hili kwa mwaka 2019, kwa kuwa laufanya utetezi wa tabianchi uonekane ugonjwa. Hukumu hiyo ni ya haki, ila ina upungufu: kulilaani neno si kuijibu hofu inayolibeba. Sheria ya mitambo ya kupasha nyumba joto ilipojadiliwa mwaka 2023, wenye nyumba wengi waliogopa gharama, na hofu hiyo haikuwa ya kubuniwa.

Wala hatari yenyewe si ya kubuniwa. Mafuriko ya Julai 2021 yaliua watu zaidi ya 180 nchini Ujerumani. Kwa hiyo mhakiki wa lugha asiridhike kulifuta neno. Hana budi kuvirudisha vitenzi na watenda walioondolewa: nani achafuaye hewa, nani alipaye, na nani aumiaye. Maswali hayo yakirudi, chama chochote kitalazimika kujibu kwa hoja.